Chalbi kwa Magurudumu Mawili: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulifuata lami kutoka Isiolo hadi Marsabit, barabara ambayo kabla ya lami ilikuwa ikivunja ekseli za malori na leo mtu anaipita akiimba. Sasa tunaiacha. Bubisa, kaskazini mwa mji wa Marsabit, njia inachepuka kushoto kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr. Kutoka mji wa Marsabit hadi North Horr ni mwendo wa kilomita kama 200, na ujuzi wa kuendesha mjini haumfikishi mtu mbali humo.

Shida yenyewe si jua wala umbali. Ndani ya siku moja mwendeshaji anapita juu ya ardhi za aina tatu, na kila moja inataka kitu ambacho nyingine inakikataa.

Ya kwanza ni mawe. Volkeno za kale zilimwaga lava katika eneo lote hili, nayo ikapasuka ikawa mawe meusi yaliyotapakaa hadi upeo wa macho. Hapa tairi linatakiwa liwe gumu. Likiwa na upepo kidogo, jiwe hulibana tyubu dhidi ya rimu na kulitoboa mara mbili kwa pigo moja.

Kisha zinakuja laga, mikondo ya mito isiyo na maji iliyojaa mchanga. Sasa lile tairi gumu lililokusaidia linakugeuka. Uzito wa pikipiki ukigawanywa kwa shinikizo la upepo ndio unaotoa, kwa makadirio, ukubwa wa sehemu ya tairi inayogusa ardhi. Punguza upepo kwa nusu na sehemu hiyo inakaribia kuongezeka maradufu. Tairi linaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Lakini ukipunguza kupita kiasi, tairi huanza kuteleza ndani ya rimu, likaliburuta tyubu na kulikata kwenye valvu. Ndiyo maana ninawashangaa watu wanaonunua taa za ziada na mabegi ya bei mbaya, kisha wakafunga safari bila pampu ya mkono. Pampu, viraka, gundi na vyuma viwili vya kufungulia tairi vina kazi kubwa kuliko vitu vingine vyote mzigoni.

Mwendo wa mchangani nao una kanuni yake, na inapingana na silika. Anayeogopa huachia mafuta na kushika breki ya mbele. Uzito wote humwagikia gurudumu la mbele, linazama, usukani unapinda wenyewe, na aliye juu anatupwa. Inafaa kusimama juu ya vikanyagio, kuusogeza mwili nyuma, kuvuta mafuta kwa utulivu bila kukatiza, na kutazama mbali badala ya kutazama gurudumu. Usukani uachiwe ucheze kidogo.

Hapa wazo la kwamba jangwa linahitaji pikipiki kubwa linaanza kuyumba. Pikipiki za kifahari za safari ndefu zina zaidi ya kilo 200 kabla ya mzigo. Moja ikilala mchangani katika joto la adhuhuri, mtu mmoja anaweza kuinyanyua mara moja au mbili, halafu nguvu zinakwisha. Vijana wa boda boda wa Marsabit na North Horr wanapita njia hizi hizi na pikipiki za cc 100 hadi 150, zenye uzito wa kilo kama 120, wakiwa na abiria na madumu ya maji nyuma. Sisemi kwamba ni salama. Ila chombo kinachoweza kunyanyuliwa na mtu mmoja na kutengenezwa na fundi wa kijijini ndicho ningekichagua.

Ardhi ya tatu ni jangwa la Chalbi lenyewe. Miaka kama 10,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, hapa palikuwa na ziwa. Limebaki tambarare la udongo na chumvi, jeupe na tupu. Katika kiangazi linapendeza kuliko barabara yoyote ya Kenya: pana, kavu, halina shimo. Uso wake, hata hivyo, ni ganda. Maji ya chini hupanda kupitia vinyweleo vya udongo, jua likayakausha, chumvi ikabaki juu na kugandamana. Chini ya ganda udongo unaweza kuwa bado na unyevu. Panapokuwa peupe na pagumu, pita. Rangi ikigeuka ya kahawia iliyoiva, hasa kandokando karibu na chemchemi, huenda ganda likapasuka na gurudumu kuzama. Mvua ikinyesha, iwe ya Machi hadi Mei au ya vuli, sehemu za Chalbi hurudi kuwa ziwa la kina kifupi, na watu huzunguka kwa njia ya mbali.

Ramani huchora mstari mmoja kukatiza hapo. Ukifika unakuta mapito kumi, kwa sababu kila lori hukwepa michirizi iliyoachwa na lililotangulia. Fuata yale yenye alama nyingi na mbichi. Macho nayo hudanganya: mazigazi huinua mikoma ya Kalacha ikaonekana inaelea juu ya maji. Milima haidanganyi. Vilima vya Huri viko kaskazini, Marsabit nyuma yako, na Kulal, wenye zaidi ya mita 2,200, mbele upande wa kushoto. Hata hivyo, kupotea kupo: Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya mwaka 1977 wakati wa mashindano ya kutoka Abidjan hadi Nice. Aliokolewa, na mwishoni mwa mwaka uliofuata akaanzisha mbio za Paris–Dakar. Ukipotea usiiache pikipiki. Mtu akiwa peke yake ni vigumu kuonekana.

Kuhusu joto, wengi hukosea kwa kuvua koti. Hewa ikipita nyuzi 35 inakuwa na joto kuliko ngozi, kwa hiyo upepo wa mwendo unakuongezea joto. Kinachopoza ni jasho peke yake, na katika hewa kavu hukauka kabla hujalihisi. Mwili unaweza kupoteza lita nzima kwa saa bila shati kulowa. Koti linalopitisha hewa kidogo hulizuia jasho lisikauke kwa pupa. Wagabra, ambao wamechunga ngamia hapa vizazi na vizazi, hufunika kichwa na mwili mchana kutwa.

North Horr ina chemchemi, maduka na kituo cha polisi ambapo ni busara kuulizia usalama wa njia ya mbele, maana mizozo ya mifugo huzuka bila taarifa. Ukitoka hapo kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, utakutana na upepo. Hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukatoka kwa kasi kutoka kusini mashariki. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyosimikwa kusini mwa Loiyangalani. Kwa mwendeshaji unapiga kutoka kushoto, nusu ubavuni nusu usoni, karibu safari nzima. Pikipiki ndogo hushushwa gia mahali ambapo njia ni tambarare kabisa, na lita iliyokupeleka kilomita 40 kwenye lami haitakupeleka mbali hivyo. Hesabu ya petroli ya kipande hiki ifanywe upya North Horr, na dumu lijazwe hapo hapo, hata kama linauzwa kwa bei ya kuudhi.