Chora Njoro Kabla Ibomolewe: Vile Bango la Kitambo Linaweza Kuokoa Memo za Mtaa

Ukitaja majengo ya zamani Njoro, kila msee atakuambia Lord Egerton Castle pale Ngata. Sawa, ni noma: ujenzi ulianza 1938, ukaisha 1954, vyumba 52, na mwenyewe akafa 1958. Hiyo ishapigwa picha hadi imechoka.

Lakini cheki lile duka la mbao na mabati, lenye veranda, mahali guka ama kugo wako alinunuliwa viatu vya kwanza. Likibomolewa wiki ijayo isimame flati, watoto wako utawaonyesha nini?

Dawa ni kulichora, na style ya mabango ya safari ya kitambo inafaa sana. Enzi hizo kila rangi ilichapishwa peke yake, kwa hivyo wachoraji walitumia rangi chache, bapa, bila madoido mengi. Hata kama hujasomea sanaa, hiyo unaweza.

Anza na jua. Njoro iko karibu na ikweta, so saa sita jua linakaa juu ya kichwa na ukuta unakosa uhai. Enda saa tatu asubuhi ama saa kumi jioni, kivuli kikiwa kirefu.

Pili, vipimo. Kama jengo lishaenda, tafuta picha kwa albamu za familia, watu wakiwa wamesimama mbele yake. Mlango wa kawaida ni kama mita mbili. Tumia huo kukadiria ukuta na paa.

Tatu, chagua rangi nne tu: kutu ya mabati, krimu ya ukuta, kijani cha miti, buluu ya anga. Upande wa kivuli, rudia rangi moja ikiwa nzito zaidi.

Mwisho, andika jina kwa herufi kubwa chini. Sio jina la ramani, ni lile watu waliita. Kabla ya hapo, keti na wazee uwaulize nani alijenga, nani aliuza, nani alifukuzwa hapo. Ngome ina jina la lord, lakini mafundi waliochonga mawe hawajulikani na wengi. Bango lako lisirudie hiyo makosa.

Na hii style ina deni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Reli ya Uganda ilitoa bango la kuita matajiri wa Uingereza waje kukwepa baridi yao kwa hizi nyanda zetu za juu. Michoro ilitumika kuuza hii ardhi kama haina wenyewe. Sasa penseli iko kwako. Onyesha wenyewe walikuwepo.

Usingoje tingatinga. Jumamosi hii, jengo moja, karatasi moja. Wewe ungeanza na gani?