KUCHORA MAMBO YA KESHO: TOKA FOTO MPAKA RANGI

Tangu tubandike picha yetu katika chumba cha kusomea, wengi wanatuuliza: "Mlichora namna gani kitu ambacho macho hayajakiona?" Tunajibu hapa, ili mwenye kutaka ajaribu naye.

Picha inaonyesha Mokambo mwaka 2090. Makamyo ya mukuba hayapange tena mustari mrefu mu vumbi kungojea kuvuka upande wa Mufulira. Yanaruka. Hayana mapine hata moja. Lakini hatukuyatoa kichwani tu. Anayetaka kuchora kamyo inayoruka, aangalie kwanza vizuri kamyo inayotembea.

KWANZA, FOTO. Tulipiga foto ya kamyo iliyosimama, kisha kumwomba shofere ruhusa. Tukapiga kichuguu kikubwa cha mchwa, sawa vile viko vingi katika Katanga. Umbo lake njo lilitupa mnara wa kuongoza vyombo. Ku mpaka wenyewe hatukupiga, juu si fasi ya kupiga foto ovyo. Tuliangalia kwa macho, tukachora nyumbani. Foto ya nne ni ya zamani: roketi ya kampuni OTRAG ya Ujerumani ya Magharibi. Wengine watashangaa, lakini roketi ziliruka kweli katika jimbo letu, wakati lilipoitwa Shaba. Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, juu ya mto Luvua. Ya tatu, mwezi wa Juni 1978, ilianguka mbele ya Rais Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 kazi ile ikafungwa. Roketi zile zilikuwa mabomba marefu yaliyofungwa pamoja, sawa vile mtu anafunga kuni. Tulichukua mafungo yale, tukayaweka chini ya kamyo pa fasi ya mapine.

Angalisho: foto ni ya kutufundisha umbo, si ya kunakili yote. Tulichukua kitu kimoja tu katika kila moja.

PILI, PICHA NDOGO. Tulichora sita, kila moja kama kiganja cha mkono, bila gomu. Tukachagua ile ambayo jicho linaingia chini kwa barabara na kupanda mpaka mbinguni. Tukaichora tena kwa sentimetre 12 kwa 18, tukaigawa katika vyumba vya sentimetre 2. Ku karatasi kubwa vyumba ni vya sentimetre 4. Kila chumba kinachorwa peke yake. Hivi picha inakua mara mbili bila kupinda.

TATU, MWANGA. Hapa tulikosa. Foto ya kamyo ilipigwa asubuhi, ya kichuguu ilipigwa jioni. Kivuli kimoja kililala kuume, kingine kushoto, kama vile kuna jua mbili. Tulifuta kazi ya siku mbili. Sasa, mbele ya yote, tunachora mshale mdogo pembeni: jua linatoka huku. Kisha tunatia weusi wa krayo peke yake, toka mweupe mpaka mweusi kabisa. Picha isiyosimama kwa krayo, rangi haitaiponyesha.

NNE, UONGO WA KWANZA. Tulipomaliza mistari, tulimwonyesha mdogo wetu wa mwaka wa kwanza. Aliangalia sana, akauliza: "Bakubwa, na siye tuko wapi mule?" Tukanyamaza. Kweli, shofere tulimchora mzungu, juu katika magazeti ya roketi tuliyozoea, uso ni ule tu. Hakuna aliyetuamuru, mkono ulienda wenyewe. Tulimfuta. Tukaweka uso wa shofere wa foto, na shali ya kitenge shingoni. Baadaye tulijifunza kwamba Monsengo Shula, mchoraji wa Kinshasa, mwaka 2014 alichora wasafiri wa anga waliovaa nguo za vitambaa vyetu. Na hapa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya inchi katika tablo karibu mia moja, akafika mpaka mambo ya mbele, na alizieleza kwa Kiswahili chetu. Basi njia ilikwisha kufunguliwa.

TANO, RANGI. Tulitumia rangi za maji. Anza na nyepesi, ngoja ikauke, ndipo nzito. Ukigeuza, inakuwa matope. Mbali tulitia buluu hafifu, karibu tulitia wekundu wa udongo. Mbingu si buluu ya kartipostale; wakati wa kipwa mbingu yetu ni nyeupe kwa moshi na vumbi. Vyombo tulivipa kijani cha malakiti, na jiwe lenyewe lilikuwa mezani mbele yetu. Weupe wa taa si rangi, ni karatasi iliyoachwa.

Karatasi hii haipigi rangi. Njooni mwione ku ukuta. Na kila mmoja alete foto moja ya mtaa wake: kisima, kanisa, njia ya treni. Wengine wamekwisha kuchora kesho yao. Yetu, tusipoichora siye, tutaikuta imechorwa, na ndani yake hatumo.