Bomba jepesi, mlima mrefu: plastiki inavyoing'oa chuma Heru Juu

Mwenye nyumba anayetaka kuvuta maji mita 100 kutoka bomba kuu hadi uani kwake kwa bomba la chuma la inchi moja anahitaji vipande 17, kila kimoja cha mita 6. Mzigo huo unazidi kilo 200. Unataka gari au guta, vibarua wa kupakia na kushusha, na soketi kila kipande kinapoishia. Akichagua bomba la plastiki la poli la kipimo hicho hicho, yaani milimita 32, anaondoka dukani na roli moja lisilofika kilo 30. Bodaboda analifunga nyuma ya pikipiki na kulipandisha kutoka Kasulu mjini hadi Heru Juu, na fundi mmoja na kijana wake wanalitandaza siku hiyo hiyo bila kiungio hata kimoja katikati.

Hesabu hiyo ndiyo iliyogeuza biashara ya vifaa vya maji katika nyanda za juu za Kigoma, na ndiyo maana katika maduka ya vifaa vya ujenzi roli nyeusi zenye mistari ya bluu zinachukua nafasi iliyokuwa ya vipande vya chuma.

Ulaya na Marekani mabadiliko kama haya yanahusu zaidi shaba. Nyumba nyingi za huko zilipitishiwa mabomba ya shaba ukutani, na wenye nyumba sasa wanaweka plastiki inayokunjika, sababu mojawapo ikiwa bei: Mei 2021 tani moja ya shaba ilivuka dola 10,000. Shaba ya Zambia na Katanga inapita Tunduma kwa malori kwenda bandari ya Dar es Salaam, lakini kwenye nyumba ya Mtanzania wa kawaida haikuwahi kubeba maji. Utaikuta kwenye friji na kiyoyozi. Bomba la zamani kwetu ni chuma kilichopakwa zinki, lile mafundi wanaloliita GI.

Chuma hicho kilisifika kwa ugumu, na sifa hiyo ni ya haki. Bomba la GI linavumilia jembe, moto wa kiangazi, jua na ng'ombe. Adui yake yumo ndani. Maji laini yenye asidi kidogo hula zinki polepole, kisha kutu huota kuelekea katikati, na baada ya miaka mingi tundu la nusu inchi hubaki jembamba kama mrija wa soda. Mwenye nyumba huona maji ya kahawia asubuhi anapofungua koki na presha inayopungua mwaka hadi mwaka. Wengi huilaumu mamlaka ya maji, kumbe mita inasoma vizuri na maji yamefika getini. Yanakwama ukutani.

Kung'oa bomba hilo ni kazi ya kutindua ukuta, na ukuta wa matofali ya kuchoma haupendi kutinduliwa mara mbili. Ndiyo sababu mafundi wenye busara hawaling'oi lote. Wanaliziba, wanaliacha humo humo, kisha wanapitisha bomba jipya njia nyingine. Vipande vinavyotoka huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na fedha hiyo, ingawa ni ndogo, humsaidia mteja kununua koki mpya.

Ndani ya nyumba bidhaa inayotawala ni PPR, bomba gumu kidogo linalouzwa kwa vipande vya mita 4 na kuunganishwa kwa kuyeyushwa. Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mashine ya kuchomelea inapashwa hadi nyuzi 260 za sentigredi. Fundi anaingiza ncha ya bomba upande mmoja wa mashine na elbo upande wa pili, kwa wakati mmoja. Bomba la milimita 20 linataka sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7. Anazichomoa, anazisukuma zikutane moja kwa moja bila kuzungusha, anazishikilia zitulie. Kikijitokeza kipete kidogo cha plastiki pande zote za kiungio, kazi imekubali. Akizidisha muda, plastiki iliyoyeyuka hujaa ndani na kuziba njia ya maji. Akipunguza, kiungio kitashika leo na kuvuja baada ya ukuta kupigwa plasta na rangi.

Kwa GI, kazi ilikuwa kukata kwa msumeno, kuchonga uzi kwa daisi, kuzungushia katani na kukaza kwa spana mbili hadi jasho litoke. Fundi wa PPR anamaliza viungio kadhaa katika muda wa kimoja cha zamani. Ila mashine inataka umeme, na hapo historia ya karibuni ya Kigoma inaingia. Kwa miaka mingi miji ya mkoa huu iliendeshwa kwa jenereta za dizeli, na umeme wake ulikuwa wa shida. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mkoani Kigoma kuzindua kuunganishwa kwake na gridi ya taifa. Wanaotazama gridi kama habari ya taa na mashine za kusaga waongeze na hili: fundi bomba wa kijijini anaweza kufanya kazi ya PPR bila kukodi jenereta.

Bidhaa yenyewe inatoka mbali. Viwanda vikubwa vya mabomba ya plastiki, kama Plasco na Pipe Industries, viko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kasulu. Chembechembe za plastiki wanazoyeyusha hazitengenezwi nchini. Zinaagizwa nje kwa dola, na bei yake inafuata mafuta ghafi. Kwa hiyo shilingi ikishuka au mafuta yakipanda, mteja wa Heru Juu atalisikia hilo dukani. Juu yake inakuja nauli. Lori la chuma hujaa kwa uzito, lori la plastiki hujaa kwa nafasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo ni hewa iliyo ndani ya bomba. Mfanyabiashara anayejua kazi hupanga roli ndogo ndani ya roli kubwa na kujaza mapengo kwa viungio na koki. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, ya kilomita 260 hivi na iliyopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inagusa bei ya bomba kuliko tangazo lolote la kiwanda.

Mahitaji makubwa hayatoki kwa mwenye nyumba peke yake. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo, iliyopokea tena wakimbizi wa Burundi kuanzia 2015, zilihitaji mitandao ya maji kwa watu wengi na kwa haraka. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, unajenga miradi na kuikabidhi kwa vyombo vya jamii vya watumia maji. Na Kasulu imo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa na mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Kila bomba kuu linalofika mtaa mpya huleta nyuma yake mamia ya roli ndogo za kuingiza maji majumbani. Hapo ndipo maduka ya Kasulu yanapopata riziki yao.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Heru Juu ni mlima. Nchi ya kupanda na kushuka namna hiyo ina kanuni yake kwa maji: kila mita 10 za kimo huongeza presha ya baa 1. Tangi likiwa juu ya nyumba kwa mita 80, koki ya chini ikifungwa usiku bomba linabeba baa 8. Bomba lenye alama ya presha PN6 limetengenezwa kwa baa 6. La PN10 linatosha, la PN16 linatosha na ziada.

Madukani, hata hivyo, wateja wengi wanauliza mambo mawili tu: inchi ngapi, na bei gani. Bomba la PN6 lina ukuta mwembamba, plastiki yake ni kidogo, kwa hiyo ni rahisi. Kwa macho ya asiyejua linafanana na jirani yake. Mteja wa bondeni analinunua, linapasuka usiku, na habari inayosambaa kijijini ni kwamba plastiki haifai, turudi kwenye chuma. Plastiki haina kosa hapo. Amepewa bomba la tambarare akaliweka mlimani.

Wamarekani walilipia somo kama hilo kwa fedha nyingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1995 nyumba zao nyingi ziliwekwa mabomba ya polibutilini, plastiki iliyosifiwa kwa urahisi wa bei. Yakaanza kupasuka, kesi zikafunguliwa, na mwaka 1995 watengenezaji walikubali kulipa fidia iliyokaribia dola bilioni 1. Poli na PPR zinazouzwa kwetu ni plastiki nyingine kabisa, zilizotengenezwa kudumu miaka 50 katika maji ya nyuzi 20, lakini zina masharti yake. PPR ikiachwa juani hukakamaa na kupasuka. Poli likifukiwa juu juu litakutana na jembe msimu wa kupanda maharage, au na moto wa kiangazi. Maji ya moto ya mtambo wa jua yanataka PPR ya PN20. Tena nyumba za zamani huenda zilifungwa waya wa ethi kwenye bomba la chuma. Likikatwa, nyumba inabaki bila kinga ya umeme, na fundi bomba akiliona hilo amwite fundi umeme kabla hajaendelea.

Kwa maoni yangu biashara hii imekwisha kuamuliwa upande wa plastiki. Kilichobaki ni uaminifu dukani. Wenye maduka waandike PN kwenye risiti kama wanavyoandika inchi, na vyombo vya watumia maji vimwambie kila mteja anayeomba kuunganishwa presha ya eneo lake ni baa ngapi. Nawe mwenye nyumba, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba kabla ya kulipa: jina la kiwanda, kipimo, PN na tarehe. Lisiloandikwa kitu liache dukani. Na usimruhusu fundi apige plasta mpaka bomba limepimwa kwa presha mara moja na nusu ya ile litakayobeba, koki zote zikiwa zimefungwa, nawe ukiwa umesimama hapo unaangalia geji.