Neno «spring»: kuruka, chemchemi, majira na chuma

Anayefungua kamusi ya Kiingereza kwenye neno «spring» hukuta maana ambazo mwanzoni hazionekani kuwa na undugu: kuruka, chemchemi ya maji, majira yanayofuata baridi kali, na waya uliosokotwa unaobonyea na kurudi. Kifaransa huzigawia maneno manne: «bondir», «source», «printemps», «ressort». Je, hili ni neno moja, au ni maneno manne yaliyofanana kwa bahati?

Historia yaonyesha kwamba ni moja. Katika Kiingereza cha kale, kitenzi «springan» kilimaanisha kuchomoza au kububujika kwa ghafla. Maji hububujika kutoka ardhini, na mahali hapo pakaitwa «spring». Watoto huchipuka kwa mzazi, wakaitwa «offspring». Mnyama anayejirusha juu naye huchomoza. Ndiyo maana Kijerumani na Kiholanzi husema «springen» kwa kuruka, na swala mmoja wa Afrika Kusini huitwa «springbok». Chuma kiliingia katika ukoo huo karne ya 15, kwa kuwa kikiachiliwa huruka kurudi mahali pake.

Majira yalichelewa. Zamani yaliitwa «lencten», neno lenye undugu na «long», kwani siku hurefuka wakati huo. Neno hilo likaja kubaki na Kwaresima peke yake, yaani «Lent». Pengo likazibwa na usemi «spring of the leaf», kuchipua kwa majani. Mwenzake, «fall of the leaf», kupukutika kwa majani, ndio uliowaachia Wamarekani «fall».

Jambo hili lisitushangaze sisi wasemaji wa Kiswahili: kwetu ndege huruka na mtoto huruka, kwa kitenzi kimoja.

Faida yake kwa mfasiri ni kubwa. Mtu akikutana na «spring tide» na kufikiria majira, ataandika «maji ya majira ya kuchipua», na atakuwa amepotosha. Hapa «spring» ni kuinuka kwa maji. Hali hiyo huja kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, mwaka mzima, na wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wana jina lake tangu zamani: bamvua. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua tafsiri ya «spring», tujiulize kwanza: ni kitu gani kinachochomoza?