Motokaa Ndogo Zipandazo Majabali: Nani Aweza Kuingia Mchezoni?

Bila shaka umepata kuona lori limenasa matopeni wakati wa masika. Gurudumu moja lazunguka bure na kurusha matope, na mwenzake wa upande wa pili ametulia kama kwamba habari hiyo haimhusu. Utingo ahangaika na jembe, abiria wameshuka wanasukuma. Likumbuke lori hilo, maana litatusaidia kuelewa mchezo mmoja wa huko Marekani ambao leo twataka kukusimulia.

Mchezo wenyewe ni wa motokaa ndogo. Si za kupanda mtu. Ile ya kawaida ni sehemu moja ya kumi ya motokaa ya kweli, nawe waweza kuibeba kwapani kama jogoo wa kupeleka sokoni. Ina mota ya umeme na betri, na mwenyewe huiongoza kwa mawimbi ya redio, kwa chombo alichokishika mkononi. Lakini usidhani kwamba hushindana mbio. La! Hapa mwenye haraka ndiye ashindwaye. Motokaa yatakiwa itambae juu ya majabali, polepole kama kinyonga, ikipita katika malango yaliyopangwa kwa zamu, hata ifike mwisho.

Kila lango ni alama mbili zilizosimamishwa juu ya mawe. Dereva hutembea kando ya gari lake, na mwamuzi humfuata hatua kwa hatua na karatasi yake, akiandika makosa. Ukirudi nyuma, umeandikiwa kidogo. Ukigusa alama ya lango, umeandikiwa zaidi. Gari likipinduka nawe ukalisimamisha kwa mkono, hilo nalo lina hesabu yake. Muda pia una mpaka. Mwishoni makosa hujumlishwa, na mwenye hesabu ndogo ndiye mshindi.

Sasa turudi kwa lori letu. Ndani ya ekseli yake mna difu, ambayo kazi yake ni kuyaachia magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti, maana katika kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Barabarani ni jambo jema. Matopeni ni balaa, kwa sababu nguvu zote hukimbilia gurudumu lile lisilo na kazi. Juu ya jabali mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa mara nyingi gurudumu moja huning'inia hewani. Kwa hiyo katika motokaa hizi ndogo difu hufungwa, na magurudumu yote manne huvuta pamoja, likining'inia moja au mawili. Mipira yake ni laini sana, ipate kuushika mwamba kama kiganja. Tena watu hutia vipande vya risasi ndani ya ringi, ili uzito ukae chini na gari lisipinduke upesi. Umeona mwanamke abebaye mtungi kichwani jinsi anavyopaswa kuwa na uangalifu kuliko yule abebaye kikapu mkononi? Sababu ni ile ile.

Hapo mwanzo, aliyetaka motokaa ya namna hii ilimpasa awe fundi. Mwaka 1987 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa motokaa ya kuchezea iliyoitwa Clod Buster, yenye magurudumu makubwa, mota moja mbele na moja nyuma, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yote yakikata kona. Haikuundwa kwa ajili ya majabali. Lakini baadaye watu waliikata, wakatupa fremu yake, wakaunda nyingine kwa vyuma na bati, wakabakiza ekseli zake tu. Mwenye karakana, msumeno na mikono yenye akili aliweza kushindana. Asiye navyo alisimama pembeni kutazama.

Mwaka 2007 kampuni ya Marekani iitwayo Axial ilileta madukani AX10 Scorpion, miongoni mwa motokaa za kwanza kuundwa kiwandani kwa kusudi la kupanda majabali hasa. Mnunuzi aliweza kuiunganisha mezani kwake, kipande kwa kipande. Waona basi mlango ulivyofunguka: kijana asiyejua kuchomelea chuma naye akapata gari.

Lakini mlango huo haukukaa wazi kwa wote sawasawa. Wenye fedha na ufundi waliendelea kuunda magari makali zaidi, yenye mota juu ya kila ekseli. Gari la namna hiyo laweza kuzuia magurudumu ya nyuma yasizunguke, huku ya mbele yakivuta, na hivyo likageuka mahali padogo kama ng'ombe aliyefungwa mguu kwenye kigingi. Fikiri mwenyewe: wewe una gari la dukani, mwenzako ana hilo. Lango limewekwa baada ya kona kali. Yeye ageuka mara moja. Wewe warudi nyuma mara tatu, na kila mara mwamuzi aandika. Ustadi wenu ni mmoja, lakini karatasi zenu hazifanani.

Hapo ndipo kanuni zilipofanya kazi. Kwanza, magari hugawanywa kwa ukubwa wa ringi. Kundi moja ni la ringi za inchi 1.9, na jingine ni la inchi 2.2. Katika kundi hilo la 2.2, kanuni za chama kiitwacho United States Radio Control Crawler Association ziliweka mpaka wa inchi 12.5, yaani kama sentimita 32, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma. Kisha kundi lenyewe likagawanywa: wenye magari makali wakawa na safu yao, na wenye magari ya mota moja, yanayokata kona kwa magurudumu ya mbele tu na yasiyoweza kuzuia ekseli ya nyuma, wakawa na safu yao.

Wapo waliolalamika. Mtu aliyekesha usiku mwingi akibuni kifaa kipya husema, kwa nini akili yangu ihesabiwe kuwa kosa? Si neno la kupuuzwa. Lakini kanuni hiyo haimfukuzi. Yampeleka kwa walio sawa naye, na kumwachia mgeni nafasi ya kujifunza. Sisi twaona ni haki.

Yako pia mashindano ambamo gari lazima lifanane na motokaa ya kweli, lenye bodi na taa, pengine na dereva wa sanamu ndani na winchi ya kujivuta linaponasa. Huko baba mwenye subira ya kuchonga na kupaka rangi hupata faida kwa kazi ya mikono yake. Kwa upande mwingine, magari ya dukani ya namna hii yaweza kuwa ghali. TRX-4 ya kampuni ya Traxxas, iliyotoka mwaka 2017, ilikuwa na difu zinazofungwa na kufunguliwa kwa redio, na bei yake ilikaribia dola 500. Si kila nyumba iwezayo kutoa fedha hizo kwa mchezo, hata huko Marekani.

Baadaye Axial ikatoa SCX24, iliyo ndogo kiasi cha sehemu moja ya 24, yenye kutosha katika kiganja, kwa bei ya kama dola 120 ilipotoka, tayari na betri na redio yake. Mawe machache katika sanduku yatosha kuwa mlima. Watoto na wazee wakaingia mchezoni pamoja.

Je, mambo yakatulia? Hata kidogo. Haukupita muda mrefu, maduka yakaanza kuuza ekseli za shaba nyeupe na ringi nzito za vigari hivyo, na mtu aliyenunua gari la dola 120 akaweza kuongezea vyuma vya bei kuliko gari lenyewe. Ndiyo maana vikundi vingine vikaweka safu ya magari yaliyo kama yalivyotoka dukani, bila nyongeza. Na mahali hapo, kabla ya lango la kwanza, mwamuzi hulichukua gari, akalipindua juu chini, akatazama ekseli.