Nukta ya Ramani Si Mlango wa Mwizi

Simu inapoibiwa, mwenyewe huweza kuitafuta kwa simu nyingine akaiona kama nukta kwenye ramani. Wako wanaoichukua nukta hiyo kuwa hukumu, wakakusanya vijana na kuuvamia mlango wa jirani. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza nukta hiyo husema nini hasa.

Simu hupokea mawimbi kutoka setilaiti zilizo takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi. Hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani na, kwa kulinganisha setilaiti zisizopungua nne, hukadiria mahali ilipo. Mawimbi hayo husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300.

Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Baina ya majengo marefu ya Kampala, mawimbi hugonga kuta yakachelewa, na kosa likafikia makumi ya mita. Ndani ya nyumba, simu huweza kuzikosa setilaiti kabisa, ikakisia kwa minara ya simu. Hapo kosa huweza kufika mamia ya mita.

Tazameni pia duara linaloizunguka nukta. Katika simu za Android, duara hilo hukadiriwa hivi: mara mbili kati ya tatu simu imo ndani yake, mara ya tatu iko nje. Duara lenye mita 20 kutoka katikati hadi ukingoni hufunika zaidi ya mita za mraba 1,250. Katika mtaa wa vyumba vya kupanga, humo mna milango mingi na watu wengi wasio na hatia. Tena nukta yaweza kuwa ya jana, ikiwa simu imezimwa.

Basi tunawasihi: msiifuate nukta wenyewe. Ileteni kituoni pamoja na saa ilipoonekana, ukubwa wa duara, namba ya IMEI na risiti ya ununuzi. Kwetu sisi nukta ni mwanzo wa upelelezi, wala si ushahidi uliokamilika.

Na mnapopiga 999 au 112 kwa dharura, msitegemee ramani peke yake. Tajeni kijiji, mwenyekiti wa LC1, na alama ya karibu kama vile shule, kanisa, msikiti au kisima.