Naitrasi Oksaidi Katika Injini ya Pikapu

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma mafuta kwa oksijeni. Miji ya Embu na Meru, nchini Kenya, iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na hivyo injini hupata oksijeni kidogo. Pikapu iliyosheheni miraa hupungukiwa nguvu mlimani isipokuwa ina turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Gesi ya naitrasi oksaidi huongeza oksijeni hiyo. Hukaa mtungini ikiwa kimiminika chenye shinikizo kubwa. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, vali ya umeme hufunguka na gesi hupulizwa kwenye bomba la kuingizia hewa. Joto la silinda huivunja na kuachia oksijeni, ambayo ni asilimia 36 ya uzito wake.

Kwenye injini yenye injekta, fundi huongeza petroli kwa kiasi kinacholingana, kwa nozeli ya pili au kupitia kompyuta ya injini. Petroli ikipungua, joto huzidi na pistoni huweza kuyeyuka. Mtungi hufungwa imara, mbali na joto.

Mtungi huisha kwa dakika chache tu za matumizi. Kwa gari la mizigo linalopanda miinuko ya Thuchi na Nithi kati ya Embu na Meru, turbo hufaa zaidi.